Ndugu Luhende na Wenye Pori Lao

Tarehe 30 Juni 1978, Ndugu Luhende Masolwa, askari wa wanyamapori, anavua kofia aliyoivaa miaka ishirini na saba katika pori letu la akiba, kusini ya Tabora. Karani alitaka kuandika wasifu huu, nikamkatalia. Yeye kaja juzi. Mimi Nassibu, dereva wa kituo, nimelala porini na Luhende, na mkoromo wake naujua kuliko karani anavyojua herufi.

Alianza kazi pori likiwa la Mfalme wa Uingereza, ambaye hakuja kumtazama hata ngiri wake mmoja. Ulipokuja Uhuru likawa letu sote, ila petroli ya kulilindia haikuwa ya mtu. Gari la kituo tumelisukuma zaidi ya kulipanda, na bila mabega yangu lingekuwa mpaka leo limekwama Itetemia.

Basi mwaka 1975, kijiji kipya kilipohamia jirani, mwenyekiti wao Ndugu Tobias akaja na wanaume wenye mashoka. Walitaka kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na miti waliyoichagua ndiyo hiyo iliyotundikwa mizinga ya nyuki. Sisi tuko wawili. Tobias akasema, "Mzee Luhende, pori ni mali ya umma, na umma ndio sisi." Mimi nilishakunja mikono ya shati, na mkono wangu unajulikana hadi Kanyenye. Luhende akacheka tu. "Karibuni, wenye mali. Nawangoja siku nyingi. Njia ya kuzuia moto haijafyekwa, na mwenye shamba hafyekewi na mgeni."

Akagawa majembe na reki. Tobias, mhubiri wa kujitegemea kila mkutano, angekataaje mbele ya watu wake? Walifyeka mpaka jua likazama, yeye kajishika kiuno kama mja mzito. Walirudi hoi, hata ukuni wa kuchemshia maji hawakubeba.

Kiangazi moto ukaja, ukafika njia ile, ukafa. Mizinga ikapona, kijiji kikarina asali kwa kibali.

Mwaka uliofuata likaja lori la mkaa la tajiri mmoja wa mjini. Tulichelewa kufika, tunasukuma gari kama kawaida. Tukamkuta Tobias amelala mbele ya magurudumu, anamwambia dereva, "Pita juu yangu, bwana. Pori hili nimelifagia kwa kiuno changu." Lori likarudi tupu.

Wakubwa watasoma hesabu ya majangili aliowakamata. Wasome. Lakini askari mgumu kuliko wote tulionao, Luhende alimkamata kwa reki.

Ndugu Luhende, tunakushukuru. Mungu akupe afya na usingizi mzuri, na mkeo Mama Nyamizi ampe subira ya mkoromo. Kuanzia kesho wewe si askari tena, ni mwananchi, mwenye pori kama sisi. Zawadi yako hatukuifunga karatasi kwa sababu mpini ni mrefu. Njia ya moto inafyekwa kesho asubuhi, na Tobias amesema atakupitia mwenyewe.