Kidoti cha Korosho

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesema, Bwana asifiwe! Wa benchi la nyuma sijawasikia, na kusoma kimya kimya si udhuru.

Mimi naitwa Stela, niko kidato cha tatu, naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana hapa Nachingwea. Ushuhuda huu ilikuwa niutoe kwa mdomo, lakini Mama Mchungaji ameamuru niuandike uingie kwenye kijitabu cha vijana, kwa sababu anasema kipaza sauti nikikishika hakirudi. Ni kweli. Mungu ambariki kwa kunijua.

Ndugu zangu, nilikuwa nimefungwa. Sikufungwa na pombe wala hirizi, ingawa ushuhuda wangu ungekuwa mtamu zaidi. Nilifungwa na kuonekana. Darasani mimi ndiye niliyegawa majina ya utani. Mwenye masikio makubwa nilimwita Dishi. Aliyevaa viatu vya kaka yake nilimwita Mitumbwi. Watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijua siku nikiacha kuchekesha watanitazama mimi, na wakinitazama wataona soksi zangu. Soksi zile zilibaki shingo tu. Nyayo ziliisha kidato cha kwanza.

Basi, msimu wa korosho uliopita, ukakaribia mkutano wa vijana kule Ruangwa. Mimi nilipangwa kuongoza wimbo wetu. Kukawa na grupu la mkutano kwenye simu, kila mmoja anatuma picha yake ili tufahamiane. Nami nikatuma yangu. Ndugu zangu, nitubu vizuri: wigi lilikuwa la mama mdogo. Hereni zilikuwa za rafiki yangu Jeni. Gari nililoliegemea lilikuwa la mgeni wa nyumba ya pili. Simu ilikuwa ya Mama. Hata kile kidoti cheusi juu ya mdomo kiliwekwa na filta. Kilichokuwa changu mle ndani ni meno tu.

Ruangwa wakapagawa. "Jamani kidoti hicho!" "Dada wa kidoti ndiye ataongoza? Tutakaa mbele!" Nikavimba kichwa. Kisha mmoja akauliza, "Na huyo bibi nyuma ya gari, mwenye michoro usoni, ni nani?"

Nikaitazama picha. Nyuma ya gari, barazani kwetu, alikuwa Bibi Filomena, mama yake mama yangu, anabangua korosho. Bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ni Mmakonde wa zamani, ana nembo usoni: mistari iliyochanjwa kwa wembe tangu akiwa binti, imepanda mashavuni na kwenye paji la uso. Mimi uso ule ndio ulionilea. Ndio uliokuwa wa kwanza kunicheka nilipong'oka meno.

Nikabonyeza pale pa kutuma sauti, nikasema, "Aah, huyo ni jirani tu, huwa anakuja kutubangulia korosho."

Bibi alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini neno jirani analijua sana. Aliendelea kugonga korosho zake, ko, ko, ko.

Petro alimkana Bwana akiwa na hofu ya kukamatwa. Mimi nilimkana bibi yangu bila askari hata mmoja, tena kwa bando la Mama!

Kesho yake asubuhi tunakunywa chai, tukasikia mlangoni, "Hodi hapa!" Mama akauliza nani. "Ni mimi, jirani." Akaingia Bibi, aliyekuwa ametoka kufagia uwanja wa nyumba hiyo hiyo. Akasimama mpaka akakaribishwa, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Mama akacheka, akadhani ni utani wa kizee. Mimi chai ilinipalia. Kuanzia siku hiyo, ndugu zangu, Bibi hakuingia ndani bila hodi. Akitoka bafuni, hodi. Akileta kuni, hodi. Utani wangu wote mnaousikia nimeurithi kwake, na sasa ulikuwa umenigeukia mimi peke yangu.

Badala ya kutubu, nikahangaikia kidoti. Watu wa Ruangwa walikuwa wanakisubiri, nami sina. Wiki ya mkutano, nikachukua korosho moja mbichi kwenye fungu la Bibi, nikaingia nayo chooni na kipande cha kioo. Nyie mliokulia huku mnajua mafuta ya ganda la korosho mbichi: yakigusa ngozi yanaiunguza na kuacha alama nyeusi. Nikavunja ganda, nikachovya njiti ya kiberiti, nikaweka nukta juu ya mdomo. Haikuonekana. Nikaongeza. Haikuonekana. Nikaongeza tena. Ilipoanza kuwasha, mimi mwenye akili nyingi nikajifuta kwa kiganja kile kile kilichovunja ganda. Nikajipaka shavu zima mpaka karibu na jicho!

Asubuhi nilipoamka jicho moja halikufunguka. Shavu lilikuwa limeumuka kama andazi, lina malengelenge. Nikapiga kelele, na kwa mara ya kwanza siku zile Bibi akasahau hodi. Aliingia anakimbia, akanishika kidevu, akanusa, akajua. Akaniosha kwa maji na sabuni. Kisha alipoona naweza kuongea, akaanza kucheka.

"Mimi kunichora, fundi mkubwa, ngoma inalia, shangazi wote wapo," akasema. "Wewe umejichora chooni? Na kiberiti?"

Hospitali nesi aliniuliza nani kanitenda hivyo. Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa. "Wavulana huwa wanakuja wamejichora saa mkononi kwa mafuta hayo. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea urembo." Akanipa dawa ya kupaka, akasema jicho limenusurika kwa rehema, ila alama itakaa muda mrefu.

Nilitaka kubaki nyumbani. Mama Mchungaji akakataa. Nikaenda Ruangwa nimevaa barakoa mpaka chini ya macho, nikamwomba Jeni aongoze wimbo. Na Bibi? Bibi alipanda gari la kwaya wa kwanza, kitenge kipya. "Na jirani anakwenda," akasema.

Kule nikajibanza benchi la mwisho. Nilisikia vijana wanaulizana, "Dada wa kidoti yuko wapi?" Nikazidi kuivuta barakoa. Niliogopa jina la utani, ndugu zangu! Mimi mwenye kuyagawa, nilikuwa nimeshajitungia kumi na yote yalinifaa.

Wakati wa chakula wasichana wawili wa Ruangwa wakamsogelea Bibi na sahani ya wali. Wakamsalimia, shikamoo, marahaba. Mmoja akauliza, "Bibi, huyu Stela wa Nachingwea si tulikuona kwenye picha yake? Ni mjukuu wako?"

Bibi akanitazama. Mimi huyo, hatua tatu kutoka alipokaa. Akatafuna polepole, akameza.

"Hapana," akasema. "Mimi jirani tu. Nabangua korosho kwao."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponikamata! Siku zote za hodi nilidhani Bibi ananilipizia kisasi. Sasa alikuwa na nafasi ya kuniumbua mbele ya Ruangwa yote, akaubeba uongo wangu kwa mdomo wake mwenyewe ili mimi nisiaibike. Nikajua kwamba kuna mtu ambaye kwake sikuhitaji wigi, wala gari la watu, wala kidoti. Alinipenda nikiwa sina hata meno. Na kama Bibi anaweza hivyo, aliyemuumba Bibi je? Nililia ndani ya barakoa mpaka ikaloa ikaninata puani.

Kwaya yetu ilipoitwa, nikamwambia Jeni nimerudi kazini. Nikashika kipaza sauti, nikavua barakoa. Ukumbi ukasema "Hee!" kwa pamoja.

Nikasema, "Bwana asifiwe! Mimi ndiye Stela wa kidoti. Kidoti kimekua." Walicheka, ndugu zangu, walicheka mpaka mpiga kinanda akakosea. Nami nikasikia mzigo unashuka, kwa sababu walikuwa wananitazama na bado nimesimama. Nikaendelea, "Na yule mama mwenye nembo pale nyuma niliwaambia ni jirani. Nilisema uongo. Yule ni bibi yangu, amemzaa mama yangu. Bibi, nisamehe." Bibi akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanacheza. Hata leo sijui alikuwa analia au anacheka. Tukaimba. Sijawahi kuimba vile.

Wigi nimerudisha, hereni nimerudisha. Alama bado ipo shavuni, na Dishi ameshaniita Ramani. Nimempa mkono, ni jina zuri kuliko yote niliyotunga mimi. Dishi na Mitumbwi nimewaomba msamaha, na sasa nawaita kwa majina yao, isipokuwa nikisahau. Bwana bado ananifanyia kazi.

Wewe unayesoma ukiwa umejificha nyuma ya kitu cha kuazima, njoo. Mwamini Yesu, alikuona kabla hujapiga picha. Pumzi utakayoshusha, hutaamini ulikuwa umeibana muda wote huo.

Ningeandika zaidi, lakini acha nimalizie na siku ile ile tuliyorudi kutoka Ruangwa: nilikuwa ndani napasha chai, nikasikia mlango umesukumwa kwa nguvu, ukagonga ukuta, na kuni zikamwagwa sakafuni. "Stela! Chai iko wapi?"

Hakupiga hodi.