Komeo la Nje

Benchi lile ni la kwangu. Nalisema mapema kwa sababu ukipita pale kwenye kona jioni utamkuta Hakimu kalikalia katikati, miguu kaitanua, utadhani kalirithi kwa babu yake. Nililiweka kwa ajili ya wateja wangu, watu wanaovua kiatu kimoja na kusubiri nikishone, ila siku hizi wateja wangu husubiri wamesimama kwa mguu mmoja. Hakimu huziba pancha za baiskeli ng'ambo ya barabara, lakini kazi anayoipenda ni kutoa hukumu. Dishi hutengeneza redio, na hakuna habari inayopita hewani asiidake, ya kweli na ya uongo. Mama Birika ndiye mwenye kahawa. Bila yeye hawa wote wangekuwa makwao wanasumbua wake zao. Jumatatu hiyo tulikuwa tunamsubiri seremala tunayemwita Randa. Alikwenda jiji kubwa wikiendi kumwona binti yake, kitindamimba, ambaye mama yake alishafariki. Binti huyo anashona sare za shule kwenye karakana ya mama mmoja mwenye uwezo, na Randa aliomba kwenda kumwona tangu msimu wa mvua, kila mara akiambiwa asubiri kidogo, kazi nyingi. Tulijua akirudi tutacheka wiki nzima.

Akatokea. Hakuwa na mwendo wa mtu mwenye hadithi.

Hakimu: Huyooo! Mwenye jiji lake! Jamani mpisheni akae.

Yeye mwenyewe hakusogea hata kidole.

Dishi: Fundi, tupe. Lifti ulipanda?

Randa: Nilipanda.

Dishi: Na zile ngazi zinazotembea zenyewe?

Randa: Nilipanda pia. Nilipanda kila kitu. Nashuka tu kwenye basi Jumamosi, namkuta binti yangu na gari.

Hakimu: Gari!

Randa: La bosi wake. Na dereva juu. Kijana mpole, shati jeupe, "mzee" hivi, "mzee" vile. Nikasema nipitie kwanza kwa mwanangu ninawe uso, maana jiji lile lina joto, shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Tukaenda. Chumba chake kiko nyuma ya karakana. Naweka begi, napewa maji, glasi haijafika nusu, dereva huyo mlangoni: "Mzee, twende, jiji ni kubwa na muda ni mdogo."

Mama Birika: Hata hukukaa?

Randa: Nitakaa saa ngapi? Tukaenda kwenye jengo refu. Juu kabisa. Tukashuka. Tukaenda kwenye duka ambalo ndani yake kuna maduka mengine. Tukatoka. Bustani, daraja, uwanja wa mpira hauna mtu, tukauangalia ukiwa tupu, tukaondoka. Jioni nikapelekwa gesti. Jumapili sijamaliza chai, gari hilo hapo. Bustani nyingine. Daraja jingine. Sijui hata tulivuka kwenda wapi. Saa tisa niko stendi, tiketi nimeshakatiwa.

Tulicheka sana. Dishi alimwaga kahawa kwenye suruali.

Hakimu: Sikilizeni hukumu. Huyo bosi ni mtu na nusu. Mimi nilipomtembelea mwanangu wa kiume alinipeleka kuona kituo cha mafuta. Tukasimama pale tunaangalia magari yakijazwa. Ikawa ndiyo matembezi.

Mama Birika hakucheka. Alikuwa anakitazama kikombe cha Randa, kimejaa kama alivyokimimina.

Mama Birika: Kaka, kahawa inapoa. Una nini wewe?

Randa: Alinishika mkono.

Dishi: Nani?

Randa: Mwanangu. Wikiendi nzima. Huyu mtoto aliacha kunishika mkono siku alipoanza shule, alisema wenzake watamcheka. Juzi alinishika mpaka kwenye lifti. Mpaka mezani, ninakula kwa mkono mmoja. Vidole vyake vimelowa jasho.

Hakimu: Aliogopa utapotea. Kwani wewe na jiji wapi na wapi?

Randa: Sijapata kukaa naye peke yetu, Hakimu. Hata kidogo. Dereva kwenye lifti. Dereva mezani. Nikienda msalani nikirudi, dereva kakaa kiti changu.

Dishi: Ahaa! Basi nishaelewa. Huyo ni mkwe! Anakuzoea polepole. Fundi, jiandae, unaitwa babu karibuni.

Hakimu: Shati jeupe siku mbili mfululizo, halina doa? Hilo shati la kutaka mke. Nimehukumu.

Randa alitabasamu kidogo, kwa heshima tu. Mimi nilikuwa na ndara ya mteja mapajani, mama mmoja mgeni aliyekatikiwa na mkanda njiani, kasimama kando yangu kwa mguu mmoja. Nilisimamisha sindano. Namfahamu Randa tangu tukiwa vijana, na sijawahi kumwona akitafuna mdomo wa chini namna ile.

Mimi: Kuna kingine. Kiseme.

Randa: Pale stendi, wakati wa kuagana, aliniuliza kitu. "Baba, mlango wangu uliuona?"

Dishi: Mlango?

Randa: Mlango wa chumba chake. Dereva kasimama hapo hapo pembeni. Nikamjibu, nimeuona mwanangu, mti mgumu ule, mchwa hawataugusa. Akanitazama. Akaniuliza tena, "Uliuona vizuri, baba?" Nikasema nimeuona, tena aliyeupiga randa anaijua kazi. Dereva akacheka, akasema kumbe kweli mzee ni fundi. Nikapanda basi. Nikampungia mkono dirishani, nimefurahi kabisa. Nikajisemea, mtoto wangu hajasahau kazi ya baba yake.

Hakimu: Sasa hapo ubaya uko wapi?

Randa: Basi liko barabara kuu, nimesinzia. Ule mlango ukanijia. Si unajua macho ya kazi, yanaona kitu chote hata kama wewe unaangalia kimoja. Nimesifia mbao. Fundi nimemsifia. Kumbe komeo liko nje.

Dishi: Na kufuli?

Randa: Na kufuli, linaning'inia.

Hakimu alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyepona.

Hakimu: Ee bwana, umenitisha bure! Komeo la nje la kufuli nani hana? Hata mimi ninalo. Unatoka, unafunga, unakwenda zako.

Randa: Na ndani unalo?

Hakimu: Ndani ninalo.

Randa: Kwake ndani hakuna. Kuna matundu manne ya skrubu, matupu. Lilikuwepo likang'olewa. Likapigiliwa nje. Pale nje mbao bado nyeupe, haijashika hata vumbi.

Mama Birika aliweka birika chini.

Dishi ndiye aliyeanza, maana Dishi akiwa na hofu huongea.

Dishi: Kilikuwa chumba cha stoo. Bila shaka. Kitambaa kinaibiwa sana jijini, ndiyo maana wakafunga kwa nje. Halafu akapewa yeye alale, komeo likasahaulika.

Randa: Mbao nyeupe, Dishi. Juzi tu.

Hakimu: Basi fundi alikuwa mlevi. Alifunga mlango kinyume. Cha nje kikawa ndani.

Randa: Bawaba ziko sawasawa.

Hakimu: Mlevi anaweza kupatia bawaba.

Dishi: Ngoja, ngoja, hili nililisikia redioni. Kuna watu wanatembea usingizini! Mtu anashona mchana kutwa, usiku anaamka, macho yamefumba, anakwenda zake barabarani. Wenye huruma wanamfungia asigongwe na gari. Huyo bosi anamhurumia.

Mama Birika: Binti wa Randa hajawahi kutembea usingizini. Alilala kwangu siku za msiba wa mama yake. Analala kama gogo.

Dishi: Ugonjwa unaanza, dada. Hauzaliwi nao.

Hakimu: Mbwa! Karakana ina mbwa wa ulinzi, wakali. Usiku wanafunguliwa. Usipofunga milango wanaingia wanakutafuna.

Mimi: Mbwa anafungua komeo?

Hakimu: Mbwa wa jijini wewe unawajua? Wamesomeshwa wale.

Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kuazima. Dishi akasema basi ni upepo. Akasimama kabisa atueleze, mikono juu: magorofa yakiwa marefu yanabana upepo katikati, upepo unakosa pa kwenda, unashuka chini unavuta milango kwa nje, unaing'oa, ndiyo maana jiji zima siku hizi wanahamishia makomeo nje. Hakimu akasema hapo sasa pana akili, amehukumu, ni upepo. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilitaka uwe upepo. Ndipo nikagundua kwamba tangu tuanze tumetaja mlevi aliyekosea, usingizi, mbwa na hewa, na hakuna aliyethubutu kumtaja mtu mwenye akili timamu anayesimama pale jioni na ufunguo.

Mimi: Dirisha je?

Randa: Lina nondo. Madirisha yote yana nondo.

Hakimu: Umeona? Yote. Kwa hiyo ni kawaida.

Yule mama mwenye ndara alikohoa.

Mama mwenye ndara: Samahanini, shikamooni. Mimi mpita njia tu, na sikualikwa.

Randa: Marahaba, mwanangu. Sema.

Mama mwenye ndara: Nilitaka kuuliza. Sasa hivi, hapa tunavyoongea. Hilo komeo limefungwa au liko wazi?

Hakimu, mtu aliyewahi kutoa hukumu juu ya bei ya mafuta, juu ya ndoa za watu asiowajua, juu ya mvua, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Dishi alijifanya anakung'uta suruali. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la soko, wenye maduka wameanza kuvuta milango yao, na kila komeo lililogonga mtaani lilinigeuza kichwa.

Randa akatoa simu. Mama Birika akasogea, akamshikia kiwiko.

Dishi: Weka sauti kubwa.

Ikaita. Ikaita sana. Ikapokelewa.

– Shikamoo baba. Umefika salama?

– Marahaba mwanangu. Nimefika. Kazi imeisha?

– Imeisha. Nipo chumbani, nimepumzika.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, nzuri tu, na Hakimu akaanza kutikisa kichwa kutuambia si mnaona. Lakini nyuma ya sauti ile kukasikika kikohozi, kizito, cha mtu mzima. Si cha binti.

– Mwanangu, alisema Randa, hebu toka nje kidogo.

– Baba?

– Toka hapo barazani. Nataka kusikia zile honi za kwenu. Huku kumepooza.



– Nje kuna baridi, baba.

Randa akatutazama. Mtu ambaye juzi shati lilimganda mgongoni.

– Basi usitoke. Fungua tu mlango, nisikie kwa mbali.

Niliomba moyoni, nikaomba nisikie komeo, bawaba, chochote, hata mlio mdogo wa mlango kusukumwa.

– Kesho asubuhi, baba. Asubuhi nikienda kazini utasikia.

– Sawa mwanangu.

– Baba...

– Naam.

– Ule mlango...

– Nimeuona, alisema Randa. Sikuuona juzi, mama. Sasa nimeuona.

Tulisikia pumzi tu, ikija kwa vipande, kama ya mtoto aliyekatazwa kulia. Halafu akasema kwa sauti ya juu, ya furaha, isiyokuwa yake, "Haya baba, lala salama, wasalimie wote!" Simu ikakatika.

Randa aliiweka simu mfukoni kwa uangalifu sana. Akainuka. Akaelekea kwenye banda lake la useremala, kwenye nyundo zake, na kabla hajafika ng'ambo Hakimu alikuwa amesimama. Nasema amesimama. Aliliacha benchi bila kufukuzwa.

Hakimu: Basi la jioni halijaondoka. Twende wote. Na tukifika tunaanzia polisi, fundi, huo mlango tusiugonge wenyewe.

Sauti yake ilikuwa inakwaruza, na mara hii hakusema amehukumu. Dishi akafunga kibanda chake huku redio inaendelea kuongea ndani, akawafuata mbio. Mama Birika akajifunga kanga upya, akasema kule jijini kuna shangazi yake, atampigia ili wapate pa kufikia, na akaanza kutafuta namba.

Benchi langu likawa na nafasi. Nikamwambia yule mama akae, ndara bado kidogo. Hakukaa. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja, anaangalia upande waliokwenda, na mimi nikawa natafuta tundu la sindano nisilione.