Rampu Tunayo, Mwalimu Hatuna

Nilikuwa katikati ya kukanda unga wa chapati, mikono yote imejaa donge, wakati Wanja wa saluni alivuka barabara mbio, taulo la mteja bado liko begani. Kibanda changu hapa Gatongora, Ruiru, kimeegemea ukuta wa duka la simiti, na mbele yake kuna benchi ambalo wanywaji kahawa wamelifanya bunge. Hukaa hapo Hansadi, tarishi mstaafu anayefuata mijadala ya bunge redioni kama wengine wanavyofuata mpira. Hukaa Injinia, yaani Githinji wa kuchomelea mageti. Na Mwas wa bodaboda, ambaye huamini kila kitu anachoambiwa na abiria. Wanja hakumsalimia hata mmoja.

WANJA: Mama Janice, umeskia? Madam Waithira amehamishwa. Ati anaenda Gatuanyaga. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho.

Niliacha unga. Ronny wa Wanja na Janice wangu wako yuniti moja, kile chumba cha watoto ambao masomo ya kawaida yanawashinda. Kichwa cha Janice kiko sawa. Mtume dukani vitu vingi kadiri unavyotaka, atarudi navyo vyote na chenji sawasawa. Ni herufi ndizo zinamkataa. Kwa miaka aliketi nyuma ya darasa akiitwa mvivu, hadi serikali ikafungua yuniti na kumleta Madam. Yeye humwaga unga kwenye sinia, mtoto anachora herufi kwa kidole, anafuta, anachora tena. Ijumaa Janice aliandika jina lake lote kwenye kibao changu cha chapati. Wateja walingoja. Sikuweza kulifuta haraka.

MIMI: Nani anakuja mahali pake?

WANJA: Hakuna. Hedi wa shule anasema tungojee serikali.

INJINIA: Kungoja tena? Na ile rampu ya mlango wa yuniti, walizindua na mahema na ngoma? Reli zake nilichomelea mimi!

MIMI: Injinia, hiyo yuniti haina mtoto hata mmoja wa kupandishwa hapo kwa kiti cha magurudumu. Janice anatembea hadi Kamakis na anarudi. Tuliomba mwalimu wa pili, tukaletewa rampu.

INJINIA: Lakini ni rampu safi.

MWAS: Safi kabisa. Nikipeleka walimu, mimi hupanda nayo na pikipiki hadi mlangoni.

HANSADI: Hebu niwaelezee. Kaunti kazi yake ni chekechea. Kutoka hapo juu, mtoto ni wa serikali kuu. Sasa serikali kuu ikiangalia shule inaona nini? Alama za mtihani. Hawa watoto hawaongezi alama. Kwa hivyo wakiwa kule Nairobi hawawaoni.

MIMI: Siku ya kuhesabu watu si waliwaona? Janice alihesabiwa akiwa amelala.

HANSADI: Hiyo ni idara ingine.

WANJA: Mzee, kunywa kahawa yako.

INJINIA: Mimi naona ni mashine. Wataleta tableti inaongea. Mtoto anabonyeza, inamsomea. Mwalimu ametolewa ndio mashine ipate mahali pa kukaa.

WANJA: Zile tableti za zamani ziko wapi? Si zimefungiwa stoo, ziliisha chaji watoto wakiwa nasari?

INJINIA: Hizi ni mpya.

WANJA: Umeziona?

INJINIA: Nimeskia.

HANSADI: Kuna mambo mazito kuliko hayo. Mtu asiyejua kusoma anapiga kura kwa kuangalia picha. Na picha wanachapisha akina nani? Fikirieni hapo.

MWAS: Nyinyi nyote mko mbali sana. Abiria mmoja aliniambia siri. Huyo mwalimu ni mmoja tu, Kenya nzima! Wanamzungusha kama hema la mazishi. Wiki hii yuko kwenu, wiki ijayo kwa jirani. Popote anaposhuka wanapiga picha, halafu wanamkunja wanaenda naye.

Hata Wanja alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nikifikiria asubuhi ya kesho. Hapo ndipo mtu aliyekuwa amesimamisha pikipiki yenye kreti za mayai aliweka kikombe chini. Hakuwa wa benchi letu.

MGENI: Samahani, mimi naitwa Muthoka. Nimetoka huko Gatuanyaga mnakotaja. Mwalimu wenu anaenda kwetu?

WANJA: Ndivyo tumeambiwa.

MUTHOKA: Yuniti yetu ilifungwa muhula uliopita. Wetu pia alihamishwa. Tukaambiwa ameletwa Ruiru.

WANJA: Ruiru gani? Hapa hakuna aliyefika.

MUTHOKA: Na kwetu hakuna aliyefika. Mtoto wa dada yangu bado yuko nyumbani anachunga mbuzi.

MWAS: Si nilisema? Hema!

Kisha Mwas mwenyewe aliinamisha kofia.

HANSADI: Ruiru ni kubwa. Pengine alipelekwa upande ule mwingine. Serikali ina utaratibu wake...

MUTHOKA: Sawa, mzee. Lakini kesho asubuhi mtoto wa huyu mama ataingia darasa gani?

Wanja alikunja lile taulo, akalikunjua. Hansadi, ambaye ana jibu la kila kitu, alininyooshea kikombe. Niliinamisha birika, yakatoka machicha matupu.

MIMI: Imeisha. Nendeni nyumbani.

WANJA: Na kesho?

MIMI: Kesho vaa viatu vya kukaa navyo kutwa.

Nyumbani nilimaliza chapati. Wanyoike, mume wangu, alikuwa amerudi kutoka kazi ya mjengo, Cucu, nyanya ya watoto, yuko kwenye kiti chake, Njambi, dada ya Janice, anapanga sahani. Nilimwaga unga mkavu kwenye kibao, mwingi kuliko wa kusukuma, nikamwekea Janice mezani.

— Unaharibu unga, Cucu alisema.

— Unga ni wangu, Cucu. Mwalimu ndiye wa serikali. Kesho mimi na Wanja tunaenda na watoto kumdai. Tutakaa kwenye ile rampu, mlangoni kabisa, na hatuondoki mpaka atokee mtu wa kutuonyesha darasa.

— Na kibanda? Wanyoike aliuliza.

— Kitafungwa. Hansadi atakunywa maji.

Nilipakua ndengu. Madam amewafunza kuandika herufi ya kwanza ya jina la kila aliyefika kabla ya kuanza kazi, kwa hivyo Janice alituangalia mmoja mmoja akiandika. B ya baba. C ya Cucu. N. M. Ya mwisho ilikuwa J yake, na ilitazama upande usiofaa. Hakuna aliyemwambia. Aliitazama, akaifuta kwa kiganja, akaiandika upya.

— Tuko wote, alisema.

Tukala.