Kadi ya Tatu ya Bi Enid Barraclough

Kirai, kwa maana inayotumika katika idara yetu, ni maneno mawili au zaidi ambayo yakikaa pamoja husema jambo ambalo hakuna hata moja kati yake lingeweza kulisema likiwa peke yake. Kwa maana hiyo hiyo, Bi Enid Barraclough na idara hii ya kamusi, hapa Halifax, wamekuwa kirai tangu Jumatatu tarehe 4 Septemba 1961. Anastaafu leo, Ijumaa tarehe 26 Juni 1998, saa kumi na moja jioni, baada ya miaka thelathini na sita, miezi tisa na siku ishirini na mbili. Keki iliyo mezani inasema thelathini na saba. Amekwisha kuiona, na amekwisha kuinyooshea kidole.

Alipoajiriwa, wenzake walikuwa wamegawana vinono: methali, matusi ya mabaharia, misemo ya wacheza kriketi. Yeye aliachiwa maneno madogo: viwakilishi, vihusishi na vivumishi vya kila siku, na jinsi yanavyoshikana.

"Pole, bibie," Derek Sugden, msahihishaji wetu, ambaye wakati huo alikuwa na nywele, alimwambia. "Ngano tumekula sisi. Yamebaki makapi."

"Jaribu kuagiza chai bila hayo makapi," alijibu Bi Enid, "tuone utaletewa nini."

Ikadhihirika kwamba makapi ndiyo lugha. Mwingereza akikwambia jambo ni "zuri kwako", huenda anakupongeza, huenda anakufunga mdomo. Akisema fulani yu "kando ya nafsi yake", usimtafute pembeni. Amezidiwa na uchungu. Na mama akisema kwamba kuchelewa huku "si kama yeye", tayari amevaa koti la kwenda kutafuta. Haya hayakutungwa mezani. Bi Enid aliyasikia madukani, kliniki, makaburini, akayaandika kwenye kadi: kirai, mahali, tarehe, aina ya msemaji, kamwe si jina. Kwenye foleni ya bucha alikuwa akiwapisha watu saba mbele yake ili asikie mwisho wa hadithi, hata muuza nyama akamuuliza, "Kipenzi, unanunua soseji, au umekuja kusali?"

Kanuni yetu ni ya zamani kuliko sisi sote. Kirai hakiingii kitabuni mpaka kisikike kutoka vinywa vitatu, visivyo vya nyumba moja. Msemaji haombwi kukisema. Msikilizaji hajisikilizi mwenyewe.

Mwaka 1983, kurasa zikiwa zimekwisha kupangwa, Bi Enid aligundua kwamba wasemaji wawili kati ya watatu wa kirai kimoja walikuwa dada. Akataka kiondolewe.

"Nani atajua kama ni dada?" Derek alilalamika, maana yeye ndiye angeziba pengo.

"Mama yao," alisema Bi Enid.

Kikaondolewa.

Amechoka; tuseme hivyo bila kupamba. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimefungwa bendeji tangu majira ya baridi, na macho yake huhitaji taa mbili. Ameacha kadi 41,212. Toleo linalofungwa leo, saa ile ile anayotoka, ndilo la mwisho kutegemea kadi. Matoleo yajayo yatachota kwenye magazeti kwa kompyuta, na yale yanayosemwa jikoni tu yatabaki jikoni.

Katika droo yake ya mwisho kuna kirai chenye kadi mbili. Waingereza wote husema "nimekuchoka". Wachache mno, wakibadilisha neno dogo moja tu ambalo kwa Kiingereza hukaa katikati, husema "nimekuchokea": uchovu wako nimeubeba mimi. Kadi ya kwanza ni ya Novemba 1971: "Mwanamume, mfumaji wa mazulia, akimvua mkewe viatu. Jikoni kwetu." Neno "kwetu" limekatwa kwa mstari mmoja. Mfumaji huyo alikuwa mumewe, Clifford, tuliyemzika miaka minne iliyopita. Kadi ya pili ni ya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni ya posta, 1979. Tangu hapo, kimya cha miaka kumi na tisa. Hajawahi kuomba ahurumiwe. Ila kila Ijumaa huifungua droo ile, huitazama, huifunga.

Mwezi wa Aprili Derek alisimama katikati ya chumba akapaza sauti: "Bi Enid, nimekuchokea! Haya, andika, tumalize!"

"Umekisoma kwenye kadi, Derek," alisema bila kuinua kichwa. "Na hujachoka."

Jumatano iliyopita, lifti ikiwa imeharibika, mwandishi wa maneno haya alipandisha masanduku ya kadi ghorofa tatu, akaketi sakafuni juu kabisa, hoi. Bi Enid alimsogezea kiti chake mwenyewe. "Keti hapa, mwanangu," alisema. "Nimekuchokea." Kisha akaenda kuosha vikombe. Hakusikia alichosema.

Imeandikwa kadi: mwanamke, mkusanyaji wa virai, ghorofa ya tatu, tarehe 24 Juni. Anaisoma habari hii leo kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi.

Bi Enid, kwa kila neno dogo ulilolitia maanani, ahsante. Tunakuombea asubuhi ndefu, viatu vyepesi, na foleni ambamo hulazimiki kumsikiliza mtu yeyote.

Limebaki swali moja, la kadi hiyo ya tatu, na toleo linafungwa saa kumi na moja. Kwamba msikilizaji hajisikilizi si kikwazo: aliyesikia ni mwingine. Hakuombwa, na alikuwa amechoka kweli. Kikwazo ni kile alichokilinda yeye mwenyewe dhidi ya wale dada wawili: vinywa visiwe vya nyumba moja. Kinywa cha kwanza kimenyamaza miaka minne. Cha tatu kinarudi kila jioni jikoni mle mle, na hakuna wa kukivulia viatu. Je, nyumba ya wawili, akibaki mmoja, ni nyumba ile ile?