Boikanyo na Maombi Arobaini na Moja

Wazazi wetu, mchungaji, ndugu na majirani mlioamka na baridi hii ya Juni kuja kumsindikiza dada yetu, naitwa Thuso Modukanele, mimi na marehemu tumezaliwa tumbo moja na mimi ndiye mdogo, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo mjomba wetu Rra Gaborekwe alitaka apewe mtu mwingine baada ya kuiona karatasi hii jana, akaniambia, "Thuso, hapa si kituo cha polisi, soma tarehe, watu wazike, wanywe chai waende," na mimi namheshimu mjomba, lakini mama alisema niisome yote, akaongeza sharti moja tu, "Usome nikiwa nimeketi," na sasa ameketi.

Boikanyo Tshenolo Modukanele alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, katika hospitali ya Serowe, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, aliyefanya kazi katika reli kwa miaka ishirini na sita, na mama yetu MmaBoikanyo, na alilelewa hapa hapa Palapye katika nyumba hii. Alipokuwa na miaka tisa alifungua redio ya baba akaitandaza yote juu ya meza, na baba aliporudi hakumpiga, kwa sababu kando ya vile vipande palikuwa na daftari ambamo alikuwa amechora kila skrubu na mahali ilipotoka, na kabla ya chakula cha jioni redio ilikuwa inaimba.

Alisoma shule ya msingi hapa Palapye kuanzia Januari 1992 hadi Novemba 1998, akaendelea na sekondari hapa hapa hadi mwaka 2003, kisha akaenda Francistown, alikosomea kompyuta katika chuo cha ufundi na kuhitimu mwaka 2006, akiwa mmoja wa wasichana wanne katika darasa la watu thelathini.

Februari 2007 aliajiriwa katika duka la intaneti karibu na kituo cha mabasi, kazi yake ikiwa kuwachapia watu barua za kuomba kazi, na katika saa ambazo wateja hawakuwapo alikuwa akifungua tovuti za watu na kutazama zilivyoandikwa kwa ndani, mpaka akajua kuzitengeneza mwenyewe, na tarehe 3 Agosti 2009 akafungua ofisi yake, chumba chenye meza moja nyuma ya saluni ya MmaKitso. Siku hiyo hiyo alianzisha ukurasa wake mtandaoni alioupa jina la Gompieno, yaani Leo, na kila siku ya kazi aliandika humo kwa Kisetswana kitu kimoja alichojifunza, ama hitilafu aliyoirekebisha na jinsi alivyoirekebisha, ama wazo tu lililompitia kichwani. Mteja wake wa kwanza, muuza matairi, alimpigia simu wiki ya pili.

"Mma, tovuti yako imekufa."

"Imekufaje, Rra?"

"Nabonyeza, haiji. Nimebonyeza tangu asubuhi."

"Bando unalo?"

"Bando la nini tena? Si nilikulipa wewe?"

Mtu mwingine angemcheka, lakini yeye aliandika kwamba leo amejifunza kutofungua kompyuta kabla ya kumuuliza mteja ameshika nini mkononi, na kutomcheka mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakumfundisha. Siku nyingine aliandika kwamba ametafuta kosa kwa saa nne na kulikuta ni mkato mmoja uliozidi, na kwamba anadhani hata ugomvi wake na mumewe wa wiki ile ulikuwa wa ukubwa huo. Maandishi hayo yako elfu tatu mia mbili na sita, na barua tulizopokea wiki hii kutoka Lusaka, Windhoek na Bulawayo zimeandikwa na watu waliojifunzia kazi humo, ambao hatukujua kama wapo.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa na shemeji yetu Rra Otsile Seabelo, mchomeleaji kutoka Mahalapye, ng'ombe wanane wakatolewa, na tarehe 19 Julai 2014 walijaliwa mtoto wao mmoja, Wame, ambaye ameketi hapo na bibi yake.

Sasa nafika mwaka 2016, na naomba mnivumilie.

Mwezi Agosti mwaka huo mimi niliajiriwa kwa majaribio kuwa karani katika mfuko mmoja wa kusomesha vijana, ambao siutaji kwa sababu kosa halikuwa lao, na tovuti ya mfuko huo ilikuwa imetengenezwa na Boikanyo, vijana wakituma maombi yao kupitia humo, na mwisho wa kupokea ulikuwa Jumatatu tarehe 31 Oktoba. Ijumaa tarehe 28, meneja aliniambia niandae orodha ya kuwaonyesha wadhamini, na kwenye orodha kulikuwa na maombi manne ya uongo ambayo Boikanyo aliyaweka wiki hiyo wakati wa kujaribu mitambo, moja likiwa la mwanafunzi aitwaye Ng'ombe Mwekundu, nikaona aibu wadhamini wakutane na Ng'ombe Mwekundu. Nilikuwa na neno la siri alilonipa dada nitazamie tu, nikaingia, nikadhani nimechagua yale manne kumbe nimechagua yote ya wiki ile, kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo nikiwa natazama saa, kwa sababu mpira ulikuwa unaanza saa kumi na nusu. Maombi arobaini na moja ya kweli yakafutika pamoja na yale manne. Niliona yamefutika. Nikazima kompyuta, nikaenda mpirani, na nakumbuka hata mabao.

Jumamosi asubuhi nilimpigia dada simu.

"Dada, maombi hayaonekani."

"Maombi yapi?"

"Ya wiki hii. Yote."

"Umegusa kitu?"

"Sijagusa."

"Haya," akasema. "Basi usiguse tena."

Neno hilo la mwisho, "tena", sikulisikia siku ile.

Boikanyo alikuwa akihifadhi nakala ya tovuti ile kila Jumapili, kwa hiyo ya tangu Jumatatu hayakuwa na nakala popote, na Jumapili tarehe 30 Oktoba aliandika kwenye Gompieno kwamba leo amejifunza kuwa nakala ya mara moja kwa wiki ni uvivu, kwamba maombi ya vijana arobaini na mmoja yamepotea mikononi mwake, na kwamba ambaye ombi lake limepotea ampigie, akaweka namba yake. Ofisini walimlaani, mimi nikiwa nimeketi nao, na meneja aliposema, "Dada yako ametuaibisha, Thuso," nilijibu, "Ndiyo, Rra, hata mimi nimeshangaa." Hivyo ndivyo nilivyosema.

Mfuko ulitoa wiki moja ya nyongeza. Kampuni ya simu ilimpa dada namba zilizokuwa zimetumiwa ujumbe wa kupokelewa, namba tupu zisizo na majina, akazipigia moja moja, akawapata ishirini na tisa, na waliobaki, waliokuwa wametumia simu za kuazima, akaenda kuwatafuta kwa miguu na mabasi, Wame wa miaka miwili akiwa mgongoni, hadi Lerala, hadi Bobonong, hadi Tonota, akiuliza kwenye maduka na makanisa ni kijana gani wa hapa aliyeazima simu ya namba hii, akawapata wengine tisa, akawaandikia maombi upya kwa mkono magotini pake. Watatu hakuwapata kwa wakati. Januari ile alikuwa aende Gaborone kuwa kiongozi wa watengeneza tovuti katika kampuni kubwa, barua ya kazi alikuwa nayo, lakini waliyasoma aliyoandika wakaiondoa kazi yao, naye akabaki nyuma ya saluni ya MmaKitso. Mimi Januari ile nilithibitishwa kazini.

Mmoja wa wale watatu ni Gorata Sebina wa Mmadinare, aliyetaka kusomea ufamasia, na Boikanyo alimpata Desemba, akiwa amechelewa, akauomba mfuko umpokee ukakataa. Dada alimwomba radhi mbele ya wazazi wake, akamwambia aje kila Jumamosi amfundishe anachokijua, na Gorata alikuja miaka miwili, kisha wakafanya kazi pamoja hadi mwisho. Jumamosi hizo mara nyingi nilikuwapo, nilikula nao, na siku moja Gorata alisema mezani, "Mma Boikanyo, mimi nilishakusamehe siku nyingi, usinihudumie kama mgeni," na dada akacheka akampa nyama, na mimi nikaomba chumvi.

Kwa wanaopenda kujua hitilafu ile ilirekebishwaje, tangu wiki hiyo tovuti zote za Boikanyo zinahifadhi nakala kila siku, na mtu akitaka kufuta kitu hatabonyeza tu ndiyo, bali ataandika kwa tarakimu idadi ya vitu anavyovifuta. Laiti ningeandika arobaini na tano kwa mkono wangu mwenyewe, nadhani ningesita. Somo hilo ndilo lililosomwa kuliko yote aliyowahi kuandika.

Septemba 2020 miguu ya dada ilianza kuvimba, na tarehe 11 Novemba tuliambiwa kuwa figo zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya Francistown, akisafiri na shemeji alfajiri, naye aliendelea kuandika akiwa amefungwa kwenye mashine kwa mkono mmoja, akisema kwamba mkono mmoja unamfundisha kuandika mistari mifupi. Jumanne tarehe 18 Aprili mwaka huu shemeji alikuwa kazini, nikampeleka mimi, na pale kando ya mashine nikaanza.

"Dada, ile Ijumaa ya maombi..."

"Saa kumi na dakika kumi," akasema, macho ameyafumba. "Tovuti huandika nani ameingia na saa ngapi. Niliona Jumamosi ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri. Mwaka wa kwanza nilikusubiri kwa hasira. Halafu nikazoea, na hapo nilikukosea, nimekudekeza vibaya."

"Lakini kwa nini ulijitaja wewe?"

"Mkeo alikuwa na mimba ya miezi saba na wewe hujathibitishwa. Na nakala za Jumapili ni uvivu wangu, usininyang'anye huo. Nilidhani tutagawana, Thuso. Hukuja kuchukua nusu yako."

Muuguzi akaja akatazama mashine, akaondoka.

"Sitaki unililie," dada akasema. "Mwambie Gorata. Mimi si wa kuambiwa, mimi najua."

Nilimwahidi kumwambia mwisho wa mwezi, mwezi ukaisha, nikasema baada ya mshahara, nikasema Gorata ana kazi nyingi, na baada ya siku ile dada aliishi siku arobaini na tano, na katika hizo nilimwona Gorata mara zisizopungua kumi. Jumatano tarehe 31 Mei dada aliniuliza kwa sauti ndogo, "Umemwambia?" nikajibu, "Wiki hii," akasema, "Haya." Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa moja na robo asubuhi, Boikanyo alifariki dunia, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, na hakuisikia habari aliyokuwa akiingoja.

Nilimwambia Gorata Jumatano ya wiki hii, kule nyuma, akiwa anamenya maboga na kina mama. Alimaliza boga alilokuwa nalo. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na yeye akaupokea msamaha, akanyamaza, ili wewe ule." Nikasema ndiyo. Nilimwomba radhi, akaniambia hana cha kunipa leo, ana msiba, kisha akauliza nani atasoma historia, nikamwambia ni mimi. "Basi soma," akasema. "Na tarehe uliyoyafuta uitaje." Nimeitaja. Sijasamehewa, na nisingependa mtu yeyote hapa aondoke akidhani nimesamehewa. Alhamisi nilimpelekea meneja wangu barua yenye maneno haya haya, na jana Gorata aliweka kwenye Gompieno, kwa mkono wake, chini ya andiko la tarehe 30 Oktoba 2016, mstari unaosema kwamba maombi yale yalifutwa na Thuso Modukanele. Wale wawili wengine hatujawajua hadi leo, tunazo namba zao tu, na kuwatafuta ni juu yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo cha Francistown, waliomwita kwa jina lake na kumchomekea kompyuta yake kwenye umeme kila alipofika, tunamshukuru MmaKitso ambaye kwa miaka mitatu alipokea wateja wa dada huku akisuka, tunawashukuru wafanyakazi wenzake, Gorata akiwa wa kwanza, na watu wa mbali waliotuandikia. Tunawashukuru majirani kwa kuni, kwa maji na kwa ibada za kila jioni, na wale mlionishika mkono wiki hii mkaniambia nilikuwa ndugu mwema kwake, nilipokea maneno hayo nikayameza, nayarudisha sasa, naomba mumpe Rra Otsile, ambaye yanamstahili, na Wame, ambaye atahitaji kusikia habari za mama yake kutoka kwa watu wengi.

Boikanyo Seabelo, binti wa Modukanele, mama yake Wame, dada yangu, upumzike kwa amani.