Mbwa, Kanga na Mkebe wa Mzee Hezekiah

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Siwafichi, leo nimechoka. Wiki nzima nimesoma matangazo ya vifo mpaka koo likakwaruza. Lakini tangazo moja lilinikatalia kusomwa tu halafu tuendelee na bei ya viazi. Kwa hiyo leo asubuhi nilipanda mpaka Giakanja, nikaketi jikoni kwa Wachuka, nikanywa chai yake, naye akanipa habari za baba yake.

Baba yake ni Hezekiah Nderitu. Hezekiah Nderitu, aliyekuwa mpimaji wa kahawa kiwandani kwa miaka thelathini na minne. Wengi wenu mlimbebea magunia mpaka kwenye mizani. Aliaga dunia Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka themanini na mmoja. Alizikwa jana, shambani kwake.

Mzee alifiwa na mkewe miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo maneno yakamwishia. Wachuka akafunga duka lake la nguo kule Kerugoya, akarudi nyumbani kumtunza. Kumpikia, kumwogesha, kumbembeleza ameze dawa. Daktari alisema mzee atembee kila siku. Mzee hakubishana. Aligeukia ukuta tu.

Aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa mbwa wake, Bosi. Na Bosi alikuwa kipofu. Narudia, kwa sababu hapo ndipo penye habari yenyewe: Bosi alikuwa haoni kitu. Macho yalikuwa meupe kama maziwa. Aliyemwongoza alikuwa kanga, yule ndege wa madoadoa. Kanga huyo yai lake liliatamiwa na kuku, akaanguliwa peke yake, kisha kuku akamkataa na kumdonoa. Kifaranga kikakimbilia kibanda cha mbwa, kikalala tumboni mwa Bosi. Majirani walisema hakitafika asubuhi. Kilifika. Na Bosi alipopofuka, kanga alitangulia mbele akipiga kelele, mbwa akifuata sauti. Kwenda kwa maji, kwenda langoni, kurudi kuota jua.

Mmewahi kuishi na kanga? Basi mnajua. Huanza kabla ya jua, na hana breki. Wachuka, ambaye usingizi aliupata kwa vipande kama mtu aliyejifungua juzi, alikuwa akilala tu anaamshwa.

Mwezi wa kumi mzee alilazwa hospitalini wiki moja. Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno, kila mtu apeleke alicho nacho. Wachuka akamfunga kanga miguu, akamtia kikapuni, akaenda naye kanisani.

"Sio ati nilikosa kuku," aliniambia, macho chini. "Kuku walikuwa. Nilitaka tu kulala."

Mnajua mnada wetu baada ya ibada. Mzee wa kanisa, Simeon, alimwinua kanga juu. Mtu akamnunua, akamrudisha auzwe tena ili sadaka iongezeke. Mwingine vivyo hivyo. Mwishowe akachukuliwa na Mwalimu Wacera, mgeni kutoka Kiriaini, akaondoka naye.

Siku ya kwanza Bosi alizunguka boma akisikiliza. Akagonga kichwa kwenye wilbaro, akapotea nyuma ya tangi la maji, akabaki hapo amesimama. Siku ya pili alilala kibandani akakataa chakula.

Mzee alirudi Jumatano. Kabla hajavuka lango akauliza, "Mbona kumenyamaza?"

Wachuka akamweleza yote. Baba hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kesho yake Wachuka alisikia mlio uani. Ko, ko, ko. Akachungulia. Mzee amevaa koti, ameshika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, anaugonga kwa kijiko. Nyuma yake Bosi, pua karibu na visigino vyake. Yule aliyekataa kutembea hata hatua kumi alipoagizwa na daktari alikuwa anamtembeza mbwa boma zima.

Ikawa kila siku, karibu wiki tatu. Kwa maji, langoni, kwenye jua. Lakini miguu ilivimba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Wachuka alimwomba mkebe auchukue yeye.

"Wewe umechoka," mzee alimwambia. "Enda ulale."

Wasikilizaji wapendwa, Wachuka anasema maneno hayo yalimtoa usingizi kabisa. Akaenda kwa Simeon kumwomba kanga arudi.

"Wachuka, hiyo ilishaombewa," Simeon akasema. "Ukitaka irudi, simama mbele ya watu useme ni kwa nini."

Akasimama. Jumapili, mbele ya kanisa lote, kuku wawili kwapani. "Ile kanga haikuwa yangu ya kutoa," akasema. "Ilikuwa ya mbwa."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka.

"Saa hii baba yangu ndiye anaongoza huyo mbwa," akaendelea, "na atakufa akimwongoza." Kicheko kikakatika. Simeon akapokea kuku wale, akampigia simu Mwalimu Wacera mwenyewe.

Jumatatu mwalimu akaja na kikapu. "Nilikuwa nimeiweka ya Krismasi," alisema, "lakini chukua haraka. Majirani wangu hawalali."

Kanga alifunguliwa langoni, akalia mara moja. Bosi akainua kichwa. Akainuka, akagonga wilbaro, akaja hivyo hivyo mpaka akamfikia, akalala chini miguuni pake. Mzee Hezekiah akauweka mkebe juu ya benchi.

"Haya," akasema. "Zamu yangu imeisha."

Akaingia ndani kujilaza. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akaaga.

Sasa Wachuka ana swali, na aliniuliza mimi. "Ningeiacha huko Kiriaini, si angekuwa bado anatembea?" Wiki zile tatu za mkebe zilimmaliza, au ndizo zilizomweka hai, mimi sijui.

Kwa Wachuka na ukoo wote wa Hezekiah Nderitu, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nanyi mnaonisikiliza, mkizima redio, tulieni kidogo msikilize nyumba zenu. Ile kelele inayowachosha, ulizeni kwanza ni nani anayeifuata.

Na jambo la mwisho aliloniambia Wachuka. Leo, siku ya kwanza baada ya mazishi, kanga alianza kabla ya jua kama kawaida yake. Wachuka akafumbua macho gizani, akangoja. Nyuma ya kelele zikaja kucha za Bosi, polepole, kwenye sementi. Basi akafanya alivyoambiwa na baba yake. Akageuka upande wa pili, akalala.