Povu Ndani ya Nepi

Asubuhi hiyo hapa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Thaddée hakumsalimia mtu. Aliitupa nepi ya kitambaa, nyeupe pe, juu ya benchi la Marcienne, muuza kahawa, tulipokaa sisi wanaume. Binti yake wa miezi minne amebabuka mapaja, analia usiku na mchana, naye ameshaamua kumfukuza mkewe, Élyse. Nikikumbuka tulivyomjibu, hasira zinanipanda hadi leo.

— Huyu mwanamuke ni muchafu! Leo anarudi kwa mama yake!

— Muchafu gani, na kitambaa inang'aa hivi? akauliza Nicodème, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani tu. — Ni maji ya ziwa. Iko na chumvi ya zamani.

— Maji tunakunywa sisi wote! akadakia Mihigo. Alifagia duka la dawa mjini Mbarara miezi miwili, tangu hapo ni Dokta. — Ni damu. Ya mama na ya mutoto haipatane. Niliona kesi mingi Mbarara.

— Damu inafika kwa matako? akauliza Profesa.

— Inafikaka!

— Acha ujinga! Profesa akapiga benchi. — Ni jirani. Jicho yake inapita kwa kamba ya nguo, inaingia kwa kitambaa.

— Jirani gani? Nimuvunjie mulango sasa hivi! akafoka Thaddée.

Nami sijifichi: nilisema ni mbalamwezi iliyoipiga nepi kambani.

Nabintu, mama wa Kikongo aliyehamia kwetu wiki ile, alikuwa anangoja kahawa yake. Aliiokota nepi, akaomba kikombe cha maji, akaimwagia na kuikamua. Povu likamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

— Muone! Sabuni yote ingali ndani. Ndiyo inamuchoma mutoto, na ninyi munapiga makelele! Sabuni kidogo, kisha munasuuza mpaka povu inaisha.

Akamgeukia Thaddée.

— Baba, mama ya mutoto anapataka maji ngapi ya kufulia?

— Bidoni moja kwa siku, lita makumi mbili. Na ya kupika ni hiyo hiyo.

— Nani alisema moja?

Profesa akavua miwani. Dokta akachungulia kikombe kitupu. Jibu tulikuwa nalo sote, maana nyumbani kwetu pia ni moja, na ni sisi waume tunaosema iwe moja.

Thaddée aliinyakua nepi, akaazima bidoni mbili za Marcienne, akashika njia ya bombani. Alikuwa bado amefura, ila sasa hakuwa na mtu wa kumfokea.